Sauti Ina Mwendo Wake: Fizikia ya Mawimbi Niliyojifunza Nikifunga Spika

Mtu anayefunga spika kwa ajili ya harusi, maulidi na mikutano ya hadhara hugundua mapema kwamba sauti huchelewa, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kuupangia uchelewaji huo. Sauti hupita hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde pale hewa inapokuwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi, na joto likipanda kwa nyuzi moja, mwendo huo huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde. Namba hiyo niliikariri sekondari kwa sababu ilikuwa haikosekani kwenye mtihani. Maana yake niliipata baadaye, katika viwanja vya Tanga na Pangani, ambako joto la mchana hufika nyuzi 30 au zaidi na hesabu zangu huanzia kwenye mita 349.

Chukua mkutano wenye watu wengi kiasi kwamba spika za jukwaani haziwatoshi, ikabidi zifungwe nyingine mita 60 mbele ya jukwaa kwa ajili ya walio nyuma. Umeme unaobeba sauti ndani ya waya hufika kwenye spika hizo za nyuma karibu papo hapo, kwa hiyo spika zote hutoa neno moja kwa wakati mmoja. Aliyekaa karibu na spika za nyuma hulisikia neno hilo kwanza kutoka kwenye spika iliyo jirani naye, kisha hulisikia tena kutoka jukwaani baada ya sehemu 17 za mia za sekunde, ambao ndio muda sauti inaouhitaji kukata mita 60. Muda huo ni mfupi kwa mambo mengine ya maisha, lakini msemaji mwenye kasi hutamka silabi nzima ndani yake, hivyo kila silabi huangukiwa na iliyoitangulia na hotuba yote hugeuka vurugu. Wenye shughuli wakisikia hivyo humtaka fundi aongeze sauti, naye akiongeza, vurugu huzidi.

Dawa yake ni kuzichelewesha spika za nyuma kwa makusudi. Mikisa za kidijitali, yaani mitambo ya kuchanganyia sauti, zina sehemu ya kuandika uchelewaji huo kwa milisekunde (sehemu za elfu za sekunde), na njia ya kuupata ni kugawa umbali kwa mwendo: mita 60 kwa 349 ni milisekunde 172. Mimi huongeza nyingine 10 hadi 15 juu ya hapo, na nyongeza hiyo ina sababu. Mjerumani Helmut Haas alionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1951, kwamba sikio likipokea sauti ileile mara mbili ndani ya milisekunde takriban 30 huziunganisha kuwa moja, na huamini kwamba imetoka upande wa ile iliyotangulia hata kama ya pili ina nguvu zaidi kidogo. Kwa hiyo msikilizaji wa nyuma hupata nguvu kutoka kwenye spika ya jirani huku akiamini kwamba maneno yanatoka jukwaani, anakomwona msemaji. Mara nyingi nimeitwa na watu wanaodai kwamba spika za nyuma zimekufa. Nikimwomba mlalamikaji asogeze sikio karibu nayo, hucheka.

Umbali naupima kwa futi kamba, lakini kuhakiki nahakiki kwa macho. Msaidizi wangu husimama jukwaani na kugonganisha vipande viwili vya mbao juu ya kichwa, nami nikiwa nyuma naziona mbao zikikutana kabla sijausikia mlio. Mwanga hukata mita hizo 60 katika sehemu moja ya milioni tano ya sekunde, kwa kuwa mwendo wake ni kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Pengo hilohilo kati ya jicho na sikio ndilo linalomwezesha mtu kukadiria umbali wa radi: kila sekunde 3 kati ya mmweko na ngurumo ni kilomita moja hivi.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi huwa wanaamini kwamba spika inapuliza hewa hadi kwa msikilizaji. Kama ingekuwa hivyo, watu wa safu ya mbele wangekaa na upepo usoni usiku kucha. Kinachosafiri ni msukumo tu. Hewa yenyewe hutikisika mbele na nyuma mahali pake na kubaki palepale. Ndani ya daladala iliyojaa, abiria wa mlangoni akisukumwa, msukumo humfikia hata aliye nyuma kabisa ingawa hakuna aliyehama nafasi yake, na molekuli za hewa hufanya vivyo hivyo: zinabanana, zinaachana, na mbano huo ndio unaosonga mbele ukiwa umebeba nishati.

Kwa wale wasioridhika na maneno, karakana yangu ina bati jembamba la mraba lililokazwa kwa skrubu moja katikati, juu ya injini ya spika kuukuu. Naunyunyizia mchanga mkavu wa pwani juu yake, kisha naunganisha simu yenye programu ya kutoa mlio wa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ninayoyataka, na kupandisha masafa hayo polepole. Mwanzoni mchanga hutetemeka ovyo na kumwagika pembezoni. Kisha, masafa yakigusa namba fulani, bati hulia kwa nguvu ghafla na punje zote hukimbilia kwenye mistari: mara msalaba, mara duara lililozungukwa na pembe nne. Ukipandisha tena kidogo, umbo huvunjika, mchanga hurudi kuwa ovyo, hadi namba nyingine inapolileta umbo jipya lenye mistari mingi zaidi ya la kwanza. Mistari hiyo ni mahali ambapo bati halitikisiki, na mchanga hutulia hapo kwa sababu kila mahali pengine unarushwa. Ernst Chladni, mwanafizikia wa Ujerumani, alichapisha maumbo ya namna hii mwaka 1787, naye alikuwa akiyapata kwa kusugua ukingo wa sahani ya chuma kwa upinde wa fidla. Ninalotaka kijana aondoke nalo ni kwamba kila kitu kina masafa machache kinachoyapenda, nayo yakiguswa hata kwa nguvu ndogo, kitu hicho huitika kwa nguvu kubwa. Kioo cha dirisha kinacholia kwenye noti moja tu ya gitaa la besi, au bati la paa linalopiga kelele wimbo ukifika mahali fulani, ni mambo ya namna hiyohiyo.

Kipimo cha masafa ni hezi, yaani mtetemo mmoja kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi 20,000. Ukigawa mwendo wa sauti kwa masafa unapata urefu wa wimbi, na hapa ndipo tofauti inaposhangaza, maana wimbi la hezi 20 lina urefu wa zaidi ya mita 17 wakati la hezi 20,000 lina sentimita 1.7 tu. Wimbi hupita pembeni ya kizuizi na kujikunja nyuma yake kwa urahisi pale urefu wake unapokuwa mkubwa kuliko kizuizi hicho. Besi ya mita 7 haihesabu ukuta wa uani kuwa kitu. Huuzunguka na kuendelea. Sauti ya twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, hukwama kwenye mwili wa mtu mmoja aliyesimama mbele yake, na ndiyo sababu spika huinuliwa juu ya vichwa. Jirani anayelalamika kwamba muziki wa harusi humfikia kama mdundo mtupu usio na maneno anasema kweli kabisa: maneno yamebaki uwanjani, mdundo umemfuata chumbani.

Kuna jambo moja la kazi hii lililonifundisha kuhusu mawimbi kuliko kitabu chochote, nalo ni waya uliofungwa kinyume. Kila spika ina ncha mbili, nyekundu na nyeusi. Fundi akizibadilisha ncha hizo kwenye spika moja kati ya mbili, spika zote mbili zitalia vizuri kila moja ikijaribiwa peke yake, na hakuna taa itakayowaka kuonyesha kosa. Zikilia pamoja, ile ya kushoto inasukuma hewa wakati ya kulia inaivuta. Nenda ukasimame katikati, umbali uleule kutoka kila upande, na besi inatoweka. Haipungui, inatoweka kiasi cha kumfanya mtu ashike masikio yake kuona kama yameziba. Ukitembea hatua kadhaa kuelekea spika moja, inarudi.

Mara ya kwanza kukutana na hali hiyo nilikuwa nimeitwa kusaidia katika ukumbi ambao mitambo yake ilifungwa na watu wengine, na mwenye ukumbi alikuwa amekwisha kuongeza spika mbili za besi ili kutibu upungufu. Nishati haikuwa imepotea, kwa kuwa pembeni mwa ukumbi besi ilikuwa ikitikisa vikombe mezani. Kilichotokea ni kwamba mawimbi mawili yalifika katikati yakiwa kinyume, mbano wa moja ukaangukia kwenye utupu wa jingine, jumla yake ikawa karibu na sifuri. Kwenye hezi 50, ambako wimbi lina mita 7, eneo hilo la ukimya ni pana kiasi cha kumeza meza kuu na bwana harusi wake. Kwenye sauti nyembamba eneo hilo ni la sentimita chache, kwa hiyo sikio moja likilikosa jingine linalipata, na msikilizaji hatambui kitu. Nilibadilisha nyaya mbili, nikashauri spika za ziada zirudishwe dukani.

Wazee wa ngoma wanazijua sheria hizi kwa mikono. Kabla ya kuanza hukusanya makuti, huwasha moto na kuzigeuza ngoma karibu nao, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu wa pwani na kulegea, na ngozi iliyolegea hutetemeka polepole na kutoa sauti nzito. Nilipotaka wakati mmoja kufunga maiki na kupima sauti mapema, mzee mmoja alinizuia akisema, “Mwanangu, ngoma hii haijaota moto, unapima nini?” Alikuwa sahihi kuliko vifaa vyangu. Kwa uzi sheria ni rahisi kuiandika: ukiugawa urefu wake kwa mbili, masafa huwa mara mbili, lakini ukitaka kuyafanya mara mbili kwa kuukaza tu, mkazo lazima uwe mara nne, na ndiyo maana nyuzi hukatika mikononi mwa wanaojifunza.

Mpigaji wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, katika kikundi cha taarabu ana nyuzi tatu kwa kila noti, nazo zinatakiwa kulingana. Mmoja akiuacha kwenye hezi 440 na mwingine kwenye 443, havisikiki kama vitu viwili. Husikika mlio mmoja unaopanda na kushuka mara 3 kila sekunde, kwa kuwa mitetemo hiyo huingia katika hatua moja na kutoka tena mara 3. Mpigaji hukaza hadi mapigo hayo yapungue, yawe moja kwa sekunde, kisha yatulie. Ni jambo lilelile la spika zilizofungwa kinyume, isipokuwa hapa kinyume kinakuja na kuondoka chenyewe.

Kumbi zenye marumaru sakafuni na kuba juu zina taabu zake. Kuba hukusanya sauti na kuirudisha mahali pamoja, na marumaru hainyonyi karibu chochote, hivyo neno huendelea kuzunguka baada ya msemaji kunyamaza. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa mwaka 1895 jukumu la kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao neno lililosemwa ndani yake ukiwa mtupu lilikaa kwa zaidi ya sekunde 5. Alifanya kazi usiku kulipokuwa kimya, akiwa na bomba la kinanda cha ogani na saa, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kupima jinsi kila mto ulivyoupunguza muda huo. Kanuni aliyoipata bado inatumika: muda wa mvumo kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti wa kila kilichomo ndani. Mwili wa mtu mwenye nguo ni mnyonyaji mzuri sana. Kwa hiyo ninapopima ukumbi mtupu saa nane mchana, huwa naupima ukumbi mwingine kabisa na ule utakaojaa akina mama wenye kanga na mabuibui saa mbili usiku, na ninaacha nafasi ya tofauti hiyo. Mazulia msikitini yana heri yake hata kwa jambo hili.

Maiki zisizo na waya ndizo zilizonivusha kutoka kwenye sauti hadi kwenye mwanga, maana mawimbi ya redio yanayotumika humo ni ndugu wa damu wa mwanga. James Clerk Maxwell alihitimisha kwa hesabu katika miaka ya 1860 kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, na Heinrich Hertz akayatengeneza mawimbi ya redio maabara kati ya mwaka 1886 na 1888. Hayahitaji hewa: jua hutufikishia mwanga kupitia utupu ambao sauti haiwezi kuukata. Maiki ya megahezi 600, yaani hezi milioni 600, ina wimbi la nusu mita. Mwimbaji akitembea jukwaani, wimbi linalokwenda moja kwa moja hadi kwenye kipokezi hukutana na lile lililodunda kwenye mabati au nguzo za chuma, na mahali yanapofika kinyume, maiki hukatika. Akisogea sentimita chache tu, inarudi. Waimbaji huitikisa maiki na kulaumu betri. Vipokezi vizuri vina antena mbili kwa sababu hiyo, ili moja ikiwa kwenye shimo nyingine iwe nje yake.

Mwanga wenyewe hufanya mchezo huohuo, lakini wimbi lake ni kati ya nanomita 400 za zambarau na 700 za nyekundu, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na hivyo jicho halioni ukijikunja nyuma ya nguzo. Thomas Young wa Uingereza aliushawishi uonyeshe mistari ya mwanga na giza mwanzoni mwa karne ya 19. Rangi za mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji gereji ni za asili hiyo: mwanga unaodunda juu ya utando na unaodunda chini yake hukutana, na unene wa utando huamua rangi ipi ijumlishwe na ipi ifutwe.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa lilihusu usiku. Harusi ikifungwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, mchana husikika mjini kwa shida, na usiku, kwa mitambo ileile, maneno ya mwimbaji huweza kufuatwa barazani. Ukimya wa usiku unachangia, lakini sababu nyingine ni joto. Mchana ardhi huchemka na hewa iliyo karibu nayo huwa na joto kuliko ya juu. Sauti hukimbia zaidi katika hewa ya moto, hivyo sehemu ya chini ya wimbi hutangulia, ya juu hubaki nyuma, na wimbi zima hujipinda kuelekea angani na kuwapita wasikilizaji kwa juu. Usiku ardhi hupoa kwanza, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na wimbi hujipinda kurudi chini hadi mbali. Mwanga nao huenda kasi kidogo zaidi katika hewa ya moto, na ndiyo maana adhuhuri, kwenye lami ya barabara ya Segera, dereva huona maji mbele yake ambayo hayafikii kamwe: mazigazi hayo ni mwanga wa mbingu ulioelekea barabarani ukapinda juu kabla ya kugusa lami.

Kwa hiyo mwenye shughuli akija kuniulizia bei, namuuliza itaanza saa ngapi kabla ya kumuuliza idadi ya wageni. Ikiwa ni ya usiku karibu na mto, nazipanga besi mbili katika mstari mmoja, ya nyuma ikiwa mita 1.45 nyuma ya ile ya mbele, ambayo ni robo ya wimbi la hezi 60. Ile ya nyuma naifunga kinyume, nyekundu kwa nyeusi, na kuichelewesha milisekunde 4.2. Kwa mpango huo mawimbi yake hujumlishana kuelekea kwa wageni na kufutana upande wa mgongoni, ambako nimeuweka mto. Ng'ambo besi bado inasikika, kwa kuwa kuta na miti hurudisha sehemu yake, lakini ni kwa kiasi ambacho mwenyekiti wa kitongoji hajavuka kuja kuniuliza kibali.